Plaizi Yangu na Redio ya Mzee Gervasi

Mwanangu Pelagia,

Familia ya fundi wa redio na sola wa hapa Bugarama inasikitika kutangaza kifo cha plaizi yake nyekundu, kilichotokea leo saa tisa alasiri hapa kibandani, baada ya kuugua ulegevu wa viungo kwa muda mrefu. Marehemu alikutwa na mauti akijaribu kukata msumari wa inchi nne, kazi ambayo hakuumbwa kuifanya, na taya lake moja limeokotwa ndani ya sufuria ya maharage ya mama yako. Habari ziwafikie bisibisi zote zilizobaki, nyundo popote ilipo, pamoja na wewe uliyesema tangu Pasaka kwamba kile kitu si plaizi, ni mdoli. Mazishi yameshafanyika kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Umecheka? Basi vizuri. Nimetaka ucheke kwanza, maana inakoelekea hii barua sijui kama utakuwa na hamu ya kucheka na mimi.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda chuo, Shinyanga. Habari za neti, sabuni, na kutokubali kubebewa begi na mtu usiyemjua, mama yako ameshakwambia mara tatu, na ile mara ya tatu nilikusikia ukijibu "nimesikia, mama" kwa sauti ya mtu ambaye masikio yake yameshapanda basi. Sina la kuongeza hapo. Mimi nimekufungia mfuko mwingine, ule wa turubai ulio juu ya meza ya kibandani. Ndani kuna plaizi yangu nzuri, kikata waya, na lile koleo kubwa lenye mikono ya bluu, la kubania vile vikombe vidogo vya shaba tunavyoungia waya na waya. Nilikukataza kulishika mpaka ufike kidato cha pili, nawe ulilishika ukiwa darasa la saba, kwa kuliiba. Nilijua. Ulilirudisha limegeukia ukutani, na mimi huwa naligeuzia mlangoni.

Ni vyako sasa. Usiulize mimi nitafanyia kazi nini. Nitanunua vingine, na safari hii nitanunua kwa akili, maana unajua baba yako alivyoanza.

Plaizi yangu ya kwanza niliinunua Nyakanazi, kwenye turubai lililotandikwa chini karibu na malori, nikaichagua kwa rangi kama mtu anayechagua kitenge. Ilikuwa inang'aa. Nilipoifungua na kuifunga iliteleza kama imelishwa samli, nikasema hii ndiyo yenyewe. Dereva mmoja wa lori, Msukuma mnene aliyekuwa amekalia tairi akitafuna muwa, mtu anayenizidi umri kwa miaka kumi kama si zaidi, akaniita.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba," nikaitikia kabla sijafikiri. Watu wakaangua kicheko.

"Hebu fumba hiyo kitu yako, uinue juu uitazame. Katikati hapo unaona nini?"

"Naona mwanga."

"Wewe unaona mwanga. Mimi kutoka hapa naona mpaka Burundi."

Hata muuzaji alicheka. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshatoa hela na niliona aibu kuirudisha, niliondoka nayo. Ndiyo maana ukienda dukani na mimi unaniona naziinua plaizi juu kama padre anainua hostia. Ile inayofaa ukiifumba mwanga haupiti. Halafu ishike mkono mmoja uutikise mwingine: kiungo kikicheza kwa pembeni, rudisha, hata muuzaji akununie. Ijaribu kwa kukata waya mwembamba kwenye ncha kabisa, maana katikati hata ya hovyo inakata. Na ile plastiki ya kwenye mikono, usiipende kwa rangi yake. Tafuta alama ya volti iliyochongwa palepale kwenye mkono. Kama hakuna, hiyo ni nguo tu, wala umeme hauiogopi.

Koleo la bluu ni habari nyingine. Mataya yake ni ya chuma na roho yake ni ya hakimu. Ukishaanza kubana halifunguki mpaka limefika mwisho. Utalichukia. Utakuwa juu ya ngazi, mwenye nyumba anakuharakisha, nalo limeng'ang'ania. Liache ling'ang'anie. Plaizi ya kawaida inakibonyeza kikombe kama mtu anavyobonyeza parachichi sokoni, ukichoka inaachia, nawe unajiambia imetosha. Hili halikubali imetosha yako. Halijali umechoka, na halijui wewe ni mtoto wa nani.

Nalipenda kwa sababu mimi sikuwa hivyo.

Hadithi ya redio ya Mzee Gervasi unaijua. Umeisikia kwenye harusi, umeisikia siku ya kipaimara chako mwenyewe, baba yako amesimama na soda mkononi, anainyoosha plaizi kama rungu la chifu, anasema, "Mzee, pumzika," na redio ya marehemu inanyamaza, na watu wanapiga makofi. Hadithi hiyo ndiyo iliyonipa jina la Fundi Nyamaza. Jina hilo ndilo lililoleta wateja mpaka kutoka Rulenge, na wateja hao ndio walioninunulia koleo la bluu. Nimeisimulia miaka kumi na tatu, na kila mara nairuka sehemu ileile. Leo nitajaribu kuisimulia bila soda.

Mzee Gervasi alikuwa na kahawa na migomba ng'ambo ya kijito, pale ambapo sasa pana msitu wa mikaritusi. Redio aliinunua Lukole, wakati kambi inafungwa, kwa mkimbizi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kitufe cha kutafutia stesheni kilishang'oka, ikawa imekwama kwenye stesheni moja ya ng'ambo, ya Kirundi. Kwa Mhangaza, mtu wa kabila la huku, hilo si tatizo, anaelewa karibu yote. Swichi ya kuzimia nayo ilikufa ikiwa imewashwa: ikipata moto wa betri inasema, ikiukosa inanyamaza. Nilimwambia nitamtengenezea swichi. Akakataa.

"Mimi simkatishi mtu akiwa anaongea," alisema.

Aliponunua paneli na betri aliniita nimfungie. Betri niliiweka pembeni ya sebule. Redio alitaka ikae juu kabisa, kwenye ubao chini ya bati, ili watoto wa majirani wasiifikie. Waya nikaupandisha ukutani, nikaupitisha kwenye fremu ya mlango wa chumba chake cha kulala, nikaupigilia vimisumari. Haukufika. Nikauunga juu ya ule mlango, chini ya bati, kwa kikombe kimoja cha shaba, nikakibana kwa ile plaizi yangu ya kwanza, ya Nyakanazi, nikazungushia tepu nyeusi. Redio ikasema. Mzee akanipa mkungu wa ndizi, nikarudi nyumbani najiona mhandisi.

Baada ya wiki tatu akaanza kuugua kifua. Alikuwa na kikohozi cha pekee, viwili vikavu, anapumzika, halafu kimoja kirefu. Ukiwa upande wetu wa kijito ulikuwa unakisikia, na mama yako alikuwa anasema, "Mzee yupo." Akiwa kitandani redio ikanyamaza. Akatuma mtu: mwambieni fundi redio imenyamaza. Nikasema kesho. Kesho yake akatuma tena, nikasema kesho. Siku ya tatu, alfajiri, vilio vikasikika kutoka ng'ambo.

Sasa kwao, na wewe hili hukulikuta maana watoto wake hawalifuati tena, wakati wa matanga chuma hakifanyi kazi katika kaya ile. Jembe haliingii shambani, shoka halipigwi, hata msumari uliochomoza kwenye benchi unaachwa ukuchane suruali mpaka matanga yaanuliwe. Na mjane anakaa chumbani mle alimofia mumewe. Mlango ule anaupita yeye peke yake.

Mjane alikuwa Adelina, mke wa pili, Msubi wa Biharamulo, aliyeolewa baada ya mama wa watoto kufariki. Hakuwa amezaa. Alikuwa mtu mkimya, anasalimia kwa kichwa, na ukimya wa mtu wa kuja huwa watu wanaujaza wenyewe.

Siku ya pili ya matanga, saa saba mchana, jua limesimama juu ya bati. Tulikuwa wanaume kama kumi na watano sebuleni, na Melania, dada wa marehemu, anagawa chakula. Upepo hakuna. Migomba nje imetulia kama imechorwa. Mtu mmoja alikuwa ameinua kipande cha ndizi, kimefika karibu na mdomo.

Redio ikakwaruza. Halafu mwanamume akakohoa ndani yake. Viwili vikavu. Akapumzika. Kimoja kirefu.

Baadaye nilijiambia kwamba mtangazaji naye ana kifua kama watu wengine. Lakini hapo sebuleni, Pelagia, nywele za mikono yangu zilisimama moja moja, nikaziona. Kisha sauti ikaanza kusema polepole, kama mtu aliyeamshwa, ikiwasalimia watu kwa majina, huyu anamsalimia yule, yule anamsalimia huyu. Haikumaliza jina la tano. Ikakatika.

Melania alikuwa bado ameshika sahani. Akasema, si kwa kupiga kelele, akasema kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili:

"Kaka?"

Hakuna aliyekula tena. Ile ndizi ilirudi sahanini.

Siku ya tatu watu walikuwa wengi zaidi, na unajua kwa nini. Waliosema wamekuja kutoa pole walikuwa wanatazama juu kwenye ubao. Ilipofika saa sita na nusu hakuna aliyekuwa anaongea. Bati likaanza kulia, ule mlio wake wa joto, ta, ta, kama mtu anatembea juu kwa ncha za vidole. Kisha mlango wa chumbani ukafunguka, Adelina akatoka na mtungi wa maji, na redio ikasema. Akashtuka, akarudi, akavuta mlango. Redio ikanyamaza.

Damiani, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba. Ni mtu wa haki, sitaki umfikirie vibaya. Alisimama katikati ya sebule, kofia mkononi.

"Shemeji," akaita. "Hebu toka."

Mlango ukafunguka. Redio ikasema.

"Rudi."

Kimya.

"Toka tena."

Ikasema.

Mara ya tatu haikusema. Ilicheka. Mwanamume mmoja alianza, kicheko cha tumboni, kirefu, halafu watu wengi wakacheka naye, wengi sana, ndani ya kale kasanduku, na Adelina amesimama mlangoni na mtungi, hajui aangalie wapi. Kikakatika katikati, na kukatika kwenyewe kulikuwa kubaya kuliko kucheka.

"Anakucheka wewe, wifi," Melania akasema. "Ulimfanya nini kaka yangu?"

"Sikumfanya kitu. Nilimpa uji. Nilimpa dawa za zahanati."

"Uji wa nini?"

"Uji wa mtama, wifi. Uliuonja na wewe."

"Mimi niliuonja nikatema."

Wewe ni fundi, umeshajua zamani. Bati linapopata joto linatanuka na waya unasogea, kikombe kilichobanwa vibaya kinagusa na kuachia, kinagusa na kuachia. Fremu ya mlango imechomekwa kwenye udongo, mlango ukivutwa yote inacheza, na mimi nilikuwa nimeipigilia waya palepale. Na mlango ule anaupita mtu mmoja tu. Hata ungekuwa mgeni kabisa kwenye kazi hii ungelijua. Mimi nililijua kwenye ule mkwaruzo wa kwanza, kabla ya kikohozi.

Tena nikuambie jambo la kuchekesha, kama bado unacheka. Kujua hakukunisaidia kuacha kuogopa. Jioni ile, jua bado lipo, nilivuka kijito nikamsikia Mzee Gervasi anakohoa nyuma yangu. Nilipofika hapa kibandani nilitoa betri kwenye redio zote za wateja, moja baada ya nyingine, nikazipanga mezani zikiwa matumbo wazi, nikakaa kwenye kigoda nikizitazama. Mama yako alinikuta hivyo. Akauliza, "Unazifanya nini?" Nikasema nazipumzisha. Nusu yangu ilijua ni waya, na nusu ilikuwa inasubiri zianze. Usije ukamcheka mtu anayeogopa kitu ambacho anajua kilivyotengenezwa.

Siku ya nne Adelina aliondolewa. Hawakumpiga, Damiani hakukubali apigwe. Hawakungoja matanga yaanuliwe, hawakumnyoa kama mjane anavyonyolewa kwao, hakuachiwa mgomba hata mmoja. Alipita kwenye njia hii ya mbele ya kibanda na kanga zake ndani ya beseni, vijana wawili wa ukoo wakimsindikiza kwa mbali kidogo, kama watu wanaosindikiza ng'ombe asiye wao. Majirani walisimama kando. Hakuna aliyemwambia safari njema. Na mimi nilikuwa nasugua kitu kwa msasa, sikumbuki nini.

Siku ya tano wakaniita. Redio ilikuwa bado juu, hakuna aliyethubutu kuigusa, na Damiani alisema kwa hili chuma kiruhusiwe. Nikapanda. Hapo ndipo huwa nainyoosha plaizi na kusema, "Mzee, pumzika." Ni kweli nilisema, ila nilisema baadaye. Kwanza, nimewapa mgongo, nilikata waya pande zote mbili za kiungo. Kile kikombe kilikuwa kimelegea hadi kinachezacheza kwenye tepu kama punje ya hindi kwenye ganda. Nikakitia mfukoni. Halafu ndipo nikageuka, nikasema yale maneno yangu.

Saa saba ikafika, kimya. Saa nane, kimya. Watu wakaanza kuongea, kisha wakaanza kula. Melania alilia akanishika mikono yote miwili. "Mchawi ameondoka," akasema, "na kaka amepumzika." Sebule nzima ikaitikia. Mkono wangu ndio uliokata, na kukata kule kukawa ushahidi wa mwisho juu ya yule mwanamke. Nilirudi na jogoo.

Adelina unamkumbuka? Ndiye yule mama wa Nyakanazi, kibanda cha chakula kilicho mwisho wa safu, baada ya wauza mahindi. Hujawahi kula kwake. Kila tukishuka basi mimi nakuvuta upande wa pili, nasema wali wa huku ni mzuri zaidi, nao una mawe. Ulipokuwa na miaka tisa uliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye malori, "Baba, yule ndiye mchawi wako?" Nikakununulia soda ili unyamaze. Alisikia. Nilimwona anasikia.

Alhamisi iliyopita nilipowaaga nakwenda kununua tepu, nilikwenda kwake. Nilikaa kwenye benchi lake kwa mara ya kwanza.

"Karibu, fundi. Wali au ndizi?"

"Habari za siku nyingi, mama."

"Nyingi zipi? Unapita hapa kila mwezi."

Akaniletea ndizi na maharage. Nilikula vipande vitatu vinne, nikashindwa. Nikamwambia: ulikuwa waya. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka nyumbani, na maneno yote yaliishia hapo, ulikuwa waya. Alikuwa anageuza chapati. Aliigeuza, akaibonyeza pembeni, akaitoa, akaweka nyingine.

"Unaniambia mimi?" akasema. "Mimi ndiye nisiyejua? Kawaambie wasiojua."

Basi jana nilikwenda kwa Damiani. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, Melania ndiye anayemwongoza. Niliwaambia wote wawili, nikawachorea waya kwa kijiti chini, fremu hapa, kiungo hapa. Melania aliinuka akaondoka kabla sijamaliza kuchora. Damiani akauliza, "Na kile kicheko?" Nikasema kilikuwa kipindi tu, mzee, watu wa ng'ambo wanaigiza. Akasema, "Miaka kumi na tatu nimekuwa nakisikia nikifumba macho." Akanitaka nirudi Jumapili, atawaita wote waliokuwepo pale na bado wapo hai, nirudie mbele yao. Nitarudia. Wateja wa Rulenge wakinihama, utakuwa umeshaondoka na koleo, basi hakuna hasara kubwa.

Kesho utabadilisha basi Nyakanazi. Nenda kibanda cha mwisho. Mwamkie shikamoo kama unavyomwamkia mama yeyote, mwambie wewe ni nani, na ule kwake. Inawezekana asiitikie marahaba. Ukae hivyo hivyo. Ulimwita mchawi kwa mdomo wako, lakini neno lilikuwa langu.

Imebaki sehemu ninayoiruka.

Nimeandika hapo juu kama vile nilidhani kiungo kimeshika na baadaye kikanisaliti. Nimewaambia hivyo hata Damiani na Melania. Adelina ndiye aliyenikatalia, Alhamisi, wakati ananirudishia chenji. Alisema siku nafunga ule waya yeye ndiye aliyenishikia kigoda. Aliniona nikibana, nikauvuta kujaribu, ukatoka mkononi. Nikaurudisha, nikabana tena, nikavuta, ukatoka. Mara ya tatu sikuvuta. Nilizungusha tepu haraka, nikamwambia, "Utashika, mama." Alikumbuka hata kwamba nilitabasamu. Ni kweli, nilitabasamu.

Na siku ya kicheko, Damiani hakuwa mjinga. Baada ya kile kicheko kukatika, na baada ya yale maneno ya uji, alinigeukia mbele ya watu wote, kofia mkononi.

"Fundi, wewe ndiye uliyefunga. Waya una kasoro?"

Sebule nzima ikaniangalia. Adelina naye, pale mlangoni na mtungi. Aliniambia Alhamisi kwamba hakuwa anawatazama wao hata kidogo, alikuwa ananitazama mimi, na aliponiona nimenyamaza alidhani natafuta pa kuanzia. Alinisubiri. Sikuwa natafuta, Pelagia. Jibu nilikuwa nalo, ni neno moja, na mtoto angeweza kulisema. Niliangalia viatu vyangu.

"Niliufunga vizuri, mzee," nikasema.

Sauti yangu haikutetemeka. Adelina alinitazama kidogo tena, kama mtu anayehakikisha. Kisha akaweka mtungi chini, akageuka kurudi chumbani. Akashika mlango, akauvuta, na redio ikasema.

Baba yako